Kwetu Hakuna Pumu

Mtaa mzima ulimwita Baba Panya, na mwenyewe hakuona ubaya. Kwani uongo? Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilisha panya, akinywesha panya, akibadilisha matandiko ya panya, na kazi hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya vyumba vitatu na kuwasomesha wadogo zake wawili. Mtu akimcheka, alimjibu papo hapo: "Wewe kuku wako akiumwa unamchinja. Wangu wakiumwa wanaitiwa daktari."

Panya wenyewe si hawa wa darini wanaotoboa magunia. Walikuwa weupe, wadogo, macho mekundu, na walifugwa kwenye taasisi ya utafiti kwa ajili ya kazi ya Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Huyu alitaka kujua kwa nini mtu mmoja anavuta vumbi anapiga chafya basi, na mwenzake akivuta vumbi hilo hilo kifua kinambana nusura afe. Vizimba mia mbili na arobaini, rafu sita, chumba kisicho na dirisha. Kila asubuhi Baba Panya alianza na rafu ya kushoto: anavuta kizimba, anampokea panya kwenye kiganja, anamwaga maranda yaliyolowa mkojo, anaweka maranda mapya. Wenzake walivaa glavu. Yeye hakuvaa. Alisema panya akishikwa na mpira anaingiwa hofu, akishikwa na mkono wa mtu anatulia, na kweli, panya wake hawakuuma mtu.

Sasa tuje kwenye koti, maana koti hilo lina kesi ya kujibu. Taasisi ilitoa makoti meupe na ilikuwa na mashine yake ya kufulia. Sheria ilikuwa kuvua mlangoni kabla ya kutoka. Baba Panya hakuvua. Alidai mashine ile inafubaza nguo, koti linaingia jeupe linatoka na rangi ya maji ya mchele. Lake lilifuliwa nyumbani na mkewe kwa mkono, likatiwa buluu, likapigwa pasi mpaka kola ikasimama. Na tuseme ukweli wa Mungu, haikuwa shauri la weupe peke yake. Alipenda kutembea nalo. Mtu aliyeacha shule utotoni, akipita barabarani na koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, hata muuza mkaa anasimama: "Habari za kazi, daktari!" Utamu huo utauacha kwenye pipa la nguo chafu? Hakuuacha.

Akifika nyumbani, binti yake wa miaka minane alimrukia. Huyu alibatizwa Kasuku kwa sababu ya mdomo. Aliamka anaongea, alikula anaongea, na usingizi ulimkuta hajamaliza habari aliyoianza. Alikuwa akiuzika uso kwenye koti la baba yake, hapo kifuani, kisha anaanza kusimulia mambo ya shule tangu kengele ya kwanza. Lakini mwaka huo maneno yakaanza kumkatikia njiani. Anasimulia, anasimama, anavuta pumzi, kifua kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, anaendelea. "Mwalimu akasema... subiri, baba... akasema..." Mwanzoni walicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

"Mafua ya kifua hayo," alisema Bibi, mama yake Baba Panya, aliyekaa chumba cha nyuma. "Mchueni na mafuta ya moto."

"Mama, mafua gani ya miezi minane?" mkewe Baba Panya aliuliza.

"Mafua sugu. Na msiniletee habari za pumu. Kwetu hakuna pumu."

Maneno hayo matatu yalikuwa kama salamu ndani ya nyumba ile. Bibi alimfundisha mwanawe kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mumewe, yaani babu yake Kasuku, alikufa akihema kama mtu aliyekimbizwa, ikasemwa moyo. Wifi yake alikuwa analala ameketi mwaka wa ishirini sasa, ikasemwa mgongo. Baba Panya mwenyewe utotoni alibanwa kila majira ya vumbi, ikasemwa uvivu. Ukoo wenye pumu, Bibi alisema, mabinti zake hawaposwi na vijana wake hawaajiriwi. Ukiulizwa, jibu ni moja tu.

Na huyo Baba Panya mwenyewe? Weee! Mwaka wa nne huo, kila alipofika rafu ya tatu macho yalimwasha, pua ikachuruzika, kifua kikaanza kujifunga. Basi hutoka mbio kama anafuata kitu, huingia stoo ya maranda, huvuta inhela mara mbili, kisha huirudisha ndani ya soksi. Ndani ya soksi, jamani! Mtu mzima na mvi zake! Aliinunua duka la dawa la mtaa wa mbali, ambako hakuna aliyemjua. Na ukutani kwa chumba cha panya palikuwa na tangazo la herufi kubwa: mfanyakazi mwenye pumu au aleji atoe taarifa. Alilisoma kila siku na kulipita, maana mtu aliyeshika kazi ile kabla yake alipiga chafya wiki mbili, akatoa taarifa, na wiki ya tatu alikuwa getini akiandika namba za magari. Baba Panya getini? Bila panya, bila koti? Heri abanwe.

Hapo ndipo Daktari alipotangaza kwamba anataka damu. Watu hamsini wenye pumu alikuwa amewapata bila shida, hospitali zimejaa. Aliowakosa ni wazima. Alitaka hamsini wengine wasio na pumu, wasio na aleji, na ambao hakuna mgonjwa kwao, ili alinganishe damu na damu. Walipopungua watatu, akaingia chumba cha panya na fomu mkononi.

"Baba Panya, wewe mwenye kifua cha chuma, hebu niokoe."

Fomu iliuliza: una pumu? Katika ukoo wenu kuna mwenye pumu? Mkono ukaandika wenyewe. Hapana. Hapana. Wala hakuhisi kwamba amedanganya, alijibu alivyolelewa. Akakunja mkono wa shati, akatolewa damu, akapewa soda. Chupa ya damu ikabandikwa mbele yake namba ya kuokota tu, kumi na nne, na jina lake likafungiwa kwenye kabati la karani, kabati ambalo hata Daktari hakuwa na ufunguo wake.

Wiki tatu zikapita. Jumatatu moja Baba Panya akapeleka panya wanne maabara, akamkuta Daktari ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mashine imerogwa," Daktari alisema. "Au nimerogwa mimi. Njoo uone."

Baba Panya akasogea. Hilo halikuwa jipya. Wawili hawa walikuwa wakinywa chai pamoja asubuhi, na Daktari alipenda kumweleza kazi yake, akisema jambo ambalo Baba Panya halielewi, basi hata yeye mwenyewe bado hajalielewa.

"Hawa ni wazima wangu. Unaona walivyo chini huku wote? Sasa mtazame huyu. Namba kumi na nne. Amewapita hata wagonjwa!"

Baba Panya akauliza: "Amewapita kwa kitu gani?"

"Kingamwili. Sikiliza. Ndani ya damu kuna walinzi wa aina nyingi. Aina moja kazi yake hasa ni kupambana na minyoo na vimelea vya namna hiyo. Sasa kwa watu wengine, walinzi hao wanakosea adui. Wanaona unga wa maua, au vumbi, au protini kidogo ya mnyama, wanasema huyu ni hatari. Wanamkariri sura. Kisha wanakwenda kujibandika juu ya seli fulani zilizojaa kemikali, ziko puani, ziko kwenye ngozi, ziko kwenye njia za hewa. Wanangoja. Siku protini ile ikiingia tena, seli zile zinamwaga kemikali zote kwa mpigo. Njia ya hewa inavimba, misuli inakaza, makamasi yanajaa. Mtu anabanwa, na ukitafuta adui, hayupo."

"Kama mlevi anayempiga mgeni wa jirani akidhani ni mwizi."

"Ee! Hiyo nitaiiba." Daktari alicheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa.

"Na huyu kumi na nne, walinzi wake wamemkariri nani?"

"Hapo ndipo penye mazingaombwe. Panya! Mkojo wa panya. Una protini ndani yake. Mkojo ukikauka, protini inapaa na vumbi, inashika nguo, inashika nywele, inashika kila kitu. Halafu njoo kwenye jeni. Pumu haina jeni moja ya kuonyeshea kidole. Ziko nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu. Huyu anazo lundo! Mtu wa namna hii kwao kuna pumu, lazima. Kwa hiyo nimechanganya chupa. Na kama nimechanganya hii, nimechanganya ngapi nyingine?" Sauti yake kubwa ilianza kutetemeka. "Miaka miwili, Baba Panya. Itabidi nianze upya."

Hakuwahi kumwona mwanamke yule karibu na machozi. Maneno yalimfika Baba Panya mpaka kwenye meno. Akayameza. "Pole, Daktari," akasema, akabeba kizimba kitupu, akatoka. Ninamlaumu, simlaumu. Woga unamgeuza mtu mwema kuwa gogo, na yeye alikuwa mwema.

Jioni hiyo hiyo, saa kumi na moja, akaingia kwake akiwa na koti lake. Kasuku akamrukia kama kawaida, akauzika uso. "Baba, leo tumefundishwa..." Hakumaliza. Akabaki mdomo wazi. Mabega yakapanda, ngozi katikati ya mbavu ikazama ndani, midomo ikabadilika rangi. Na kimya. Mtoto yule, kunyamaza! Mama yake akapiga ukelele. Baba Panya akachomoa inhela kwenye soksi mbele ya macho ya watu wote, akampulizia mara moja, mara mbili, lakini dawa ilitokea pembeni ya midomo. Mtoto hakuwa na nguvu ya kuivuta. Akambeba akatimka naye, koti likipepea, mkewe nyuma yake, na nyuma ya mkewe Bibi na magoti yake mabovu.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Walipokewa mara moja. Tabibu akawasha mashine ya mvuke wa dawa, akamvika mtoto barakoa, akamchoma sindano. Baba Panya alimpakata, kichwa cha binti yake kimeegemea kifuani pake.

"Katika ukoo kuna pumu?" Tabibu aliuliza huku akisikiliza mgongo wa mtoto.

"Hakuna," alisema Bibi kutoka mlangoni, pumzi bado hazijamtulia.

Mkewe Baba Panya akamgeukia mumewe. Inhela aliiona, na mumewe alijua kwamba ameiona.

"Nyumbani mnafuga mnyama? Paka? Mbwa?"

"Hatufugi kitu," mkewe alijibu.

Tabibu akatikisa kichwa. "Ajabu. Dawa inaingia lakini kifua kinaachia kidogo, kinabana tena. Utadhani kinachomdhuru yuko nacho humu humu."

Baba Panya akainama. Shavu la mtoto lilikuwa limekandamizwa kwenye koti, na kila alipovuta hewa, aliivuta kutoka pale. Mkojo wa panya elfu moja, asubuhi mpaka alasiri, kizimba baada ya kizimba.  Miezi yote hiyo walikuwa wakilaumu upepo, wakilaumu maji ya baridi, wakilaumu pamba ya mto, na sumu ilikuwa inaletwa na baba mtu, kila jioni, imepigwa pasi.

"Mshike mtoto," akamwambia mkewe. Akatoka nje, akavua koti, akalikunja, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili. Akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa uso, akanawa kichwa. Akarudi na fulana, maji yanamtiririka, akasimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

"Tabibu, mimi nina pumu," akasema. "Baba yangu alikuwa nayo. Shangazi yangu anayo. Na nafuga panya kazini, karibu elfu moja, na vumbi lao nimeingia nalo humu."

"Mwanangu!" Bibi alisema, kama aliyepigwa kofi.

"Mama, niache."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mama yake neno hilo. Tabibu hakuuliza zaidi. Alimvua mtoto gauni, akamfunika shuka safi, akaongeza dawa. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Mabega ya Kasuku yakaanza kushuka. Akafumbua macho, akaomba maji, kisha akauliza kwa nini baba yake amelowa. Hapo Baba Panya akalia mbele za watu, wala hakujificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba siku nyingine kifo kinampita mfichaji na kumfuata mwanawe.

Kesho yake asubuhi akamfuata Daktari ofisini kabla ya chai.

"Namba kumi na nne ni mimi," akasema. "Hukuchanganya chupa. Mashine yako ni nzima. Mwongo ni mimi."

Daktari alimkodolea macho. Kisha akalipuka, na korido nzima ikapata habari. "Unanichezea! Nimemwita fundi wa mashine mara mbili! Nimempigia simu mwalimu wangu nikilia kama mtoto! Jana umesimama hapo ulipo, umenitazama, umeniambia pole! Pole ya nini?"

Baba Panya hakujitetea. Akaeleza: inhela, soksi, tangazo la ukutani, getini, koti, zahanati. Alipofika kwa mtoto, Daktari alikaa.

"Yuko wapi sasa?"

"Zahanati, na mama yake. Anapumua. Ameanza kuongea."

 "Na mimi nina langu," Daktari akasema hatimaye. "Nimekuona unashika panya mikono mitupu. Nimeliona hilo koti linatoka nje kila jioni. Nilikuwa nasema moyoni, maridadi huyu. Mimi! Ninayejua protini hiyo inavyosafiri!" Akapiga meza. "Damu yako inatoka kwa wazima. Nitatafuta mtu mwingine. Na wewe ndani ya chumba kile huingii tena."

"Nipeleke getini, Daktari. Sina kinyongo."

"Getini ukafanye nini? Nani atanijulisha panya mgonjwa kwa kumtazama tu? Utakaa upande wa pili wa kioo. Utafundisha wengine kuwashika, kwa glavu. Na utashika daftari la vizazi, nani kazaliwa na nani. Mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Na usinishukuru, bado nina hasira."

Alikuwa nazo kweli, wiki mbili hakunywa naye chai. Lakini ni yeye aliyewapeleka kwa mtaalamu wa aleji. Kasuku alidondoshewa matone manane mkononi na kuchomwa kidogo kwenye kila tone. Saba yakakauka. Tone la panya likavimba kama ameumwa na nyuki. Mkewe Baba Panya akafua mapazia, akafua mablanketi, godoro akalitoa nje likapigwa jua na fimbo. Mtoto akapewa inhela ya kuzuia, asubuhi na jioni, ya kuvutia kwenye bomba pana la plastiki. Baba mtu alioga kazini, akabadili nguo zote, akarudi nyumbani na shati la kawaida. Muuza mkaa hakumwita daktari tena. Lilimuuma hilo, asikwambie mtu. Na panya aliwakumbuka, mpaka akajionea haya. Lakini miezi miwili ilipokwisha, Kasuku aliweza kupanda kilima cha shule akisimulia bila kituo, na wenzake ndio walioomba apumzike.

Bibi ndiye aliyegoma. Siku kumi na moja hakumsemesha mwanawe. Chai anapokea, asante hatoi. Daktari alikuwa ameanza utafiti mwingine, wa familia safari hii, na alimtaka Bibi kuliko wote, maana yeye ndiye aliyewajua waliotangulia. Ujumbe ukapelekwa, ukarudi. Ukapelekwa tena, ukarudi. Mpaka Kasuku alipoingia chumba cha nyuma na mdomo wake.

"Bibi, daktari anasema pumu nimeipata kwa baba, na baba kaipata kwa babu. Kwa hiyo tunafanana. Lakini mimi nataka kujua wengine. Kuna mtoto mwingine aliyekuwa nayo? Au mimi tu ndiye mtoto?"

 Asubuhi yake Bibi alioga mapema, akavaa nguo yake ya kutokea. "Nipelekeni kwa huyo mwanamke mwenye makelele," akasema.

Wakaketi ofisini kwa Daktari: Bibi, Baba Panya, Kasuku katikati. Daktari akatandaza karatasi kubwa akaanza kuchora ukoo. Mwanamume mraba, mwanamke duara, mwenye pumu anajazwa wino mweusi. Akachora mraba wa mumewe Bibi, akamtazama.

Bibi akashusha pumzi. "Jaza."

Duara la wifi yake. "Jaza." Daktari akashuka mstari wa chini. Akachora mraba wa Baba Panya, akaujaza. Miraba ya wadogo zake wawili, akaiacha mitupu. Akashuka tena, akachora duara la Kasuku, akalijaza. Kasuku alifurahi kujiona.

"Umesahau mmoja," Bibi alisema.

"Tuko watatu, mama," Baba Panya alisema taratibu, akidhani uzee umeanza kumchezea.

"Wewe nyamaza. Hukuwepo." Kidole chake kilikuwa kimegusa karatasi, kushoto kwa mraba wa mwanawe, mahali palipo wazi. "Hapa pana msichana. Wa kwanza wangu. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alikuwa anaongea hivi hivi kama huyu, hanyamazi. Ukaja msimu wa vumbi, kifua kikambana siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa namnyonyesha, nikidhani atatulia. Akafia kwenye titi."

Baba Panya alihisi kiti kimemkimbia. Miaka hamsini ya umri wake alijiita mtoto wa kwanza.

"Mama mkwe wangu akasema maziwa yangu mabaya," Bibi aliendelea, akimwambia Daktari tu, kana kwamba mwanawe hayumo. "Akasema nimemuua na maziwa yangu. Akakataza asitajwe tena. Nilipomzaa huyu, siku tatu nilikataa kumpa titi, nikilia, nikaomba majirani wamnyonyeshe. Halafu naye kifua kikaanza. Ningesema nini? Ningesema pumu, wangesema ni yale maziwa. Basi nikasema hakuna. Kwetu hakuna."

Daktari, mwenye sauti ya kusikika getini, aliongea chini kwa chini.

"Mama, maziwa hayampi mtoto pumu. Sikiliza nikwambie. Mtoto anapata nusu kwa baba yake na nusu kwa mama yake, na hakuna mzazi anayechagua nini kipite na nini kibaki. Ni vitu vidogo vidogo, vingi. Vinakutana kwa mtoto huyu, vinampita yule. Hao wako wawili wa mwisho umewanyonyesha maziwa hayo hayo, na ni wazima. Halafu linakuja vumbi, yanakuja mafua, unakuja moshi. Kukiwa na dawa, mtoto anapona, kama huyu alivyopona. Siku zile dawa haikuwepo. Hukumuua mtu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Usiniambie kwa kunihurumia."

"Mama, waulize watu, mimi sijui kuhurumia. Nina hakika."

Bibi akaiangalia mikono yake. Kilio kikamtoka, kikubwa, cha mama aliyefiwa leo. Mwanawe alipiga magoti akamkumbatia kiunoni, akasema, "Mama, nisamehe, mama," wala hakujua anaomba msamaha wa nini, na Bibi akamshika kichwa, akasema, "Nikusamehe nini, wewe uliyenyonya kwa jirani?" Wakacheka na kulia kwa pamoja.

"Mchore," Bibi alisema alipofuta uso. "Na umjaze."

Daktari akachora duara pale palipo wazi, akalijaza wino.

"Alikuwa anaitwa nani?" Kasuku aliuliza.

Bibi akalitaja jina. Silisemi hapa, ni lao. Alilitaja kwa sauti, mbele ya mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Mchoro wa utafiti haukuruhusiwa kuwa na majina, kwa hiyo Daktari alivuta karatasi nyingine, akanakili ukoo wote upya ili Bibi aende nao nyumbani, na chini ya lile duara akaandika jina kwa herufi kubwa.

Bibi hakujua kusoma. Akampa Kasuku karatasi. Kasuku akalisoma jina la shangazi yake, Bibi akamwambia tena, akalisoma tena, na tena, kwa sauti ya juu na pumzi yake nzima.